Kinyago Huzungukwa

Nyumbani kwangu Shangani, Mtwara, nina kinyago cha mpingo chenye watu kumi na saba. Nilikinunua mwaka 1991 kwa mzee mmoja mchongaji wa upande wa Kilambo, kule Ruvuma inakokaribia bahari. Nikakiweka juu ya kabati, mgongo wake ukutani. Kwa miaka mitatu nilikitazama kila jioni, na kila jioni jicho langu lilimwendea mtu mmoja tu, yule wa chini kabisa. Shingo yake imedidimia mabegani, meno ameyauma, na juu yake wamerundikana ndugu zake, wengine wakicheka. Nikasema moyoni: huyu ni mimi.

Nilikuwa mwalimu, na katika ukoo wetu mwenye mshahara nilikuwa peke yangu. Ada za watoto, nauli za wagonjwa, sanda za marehemu, vyote vilipita mlangoni kwangu. Mwaka 1994 mdogo wangu, mkulima wa korosho huko uwandani, aliniandikia kwa mara ya tatu katika msimu mmoja akiomba fedha za salfa. Nilimjibu barua fupi, kali, ya kumaliza udugu. Nikaitia katika bahasha, nikaiweka pale pale juu ya kabati, chini ya kinyago.

Vinyago vya namna hii watu wengi huviita vya ujamaa. Jina hilo lilivuma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, watu walipoiona siasa yao ndani ya mti. Lakini mtindo wenyewe uliitangulia siasa. Mchongaji Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake, na wachongaji waliuita dimoongo, yaani nguvu. Husimuliwa kwamba mfano wa kwanza ulikuwa mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake. Tazama basi, msomaji, jinsi gogo lile lile linavyobadilika kwa jina tu. Katika jina moja tunamwona mshindi na furaha ya wanaombeba. Katika jina la pili tunaona jamii, na hatuulizi tena nani ameshinda. Mimi nilikuwa nimeongeza jina la tatu, la siri: mzigo.

Siku moja kinyago kilianguka na mkono wa mtoto mmoja ukavunjika. Nilikifunga katika khanga nikakirudisha kwa mzee. Alikipokea, akakizungusha magotini, akaniuliza:

"Mwalimu, nyumbani umekiweka wapi?"

"Juu ya kabati, mzee, kimeegemea ukuta."

"Basi hujakiona. Kinyago huzungukwa."

Akanigeuzia upande wa nyuma. Hapo, chini ya yule mbebaji wangu, ameketi bibi kizee, na kiganja chake kimekinga kisigino cha mbebaji. Mtoto mwingine amenyosha mkono kumlisha kitu mdomoni. Aliye chini kabisa hakuwa chini kabisa. Niliona haya, kwani kitu hicho nilikilipia fedha na kuishi nacho miaka mitatu.

Hapa ndipo ninapopima ubora wa mchongaji. Vinyago vingi vinavyochongwa haraka kwa ajili ya watalii vina sura moja iliyorudiwa mara ishirini, na nyuma yake hakuna jambo. Ukivitazama mara moja umevimaliza. Mchongaji wa kweli huondoa ganda jeupe la mpingo hadi afikie kiini cheusi, halafu huufuata mti unavyojipinda, na kila upande huusahihisha upande mwingine. Kazi yake haikuambii uongo ukiitazama upande mmoja, bali hukuambia nusu.

Nikiwa njiani kurudi nilikumbuka nusu yangu nyingine. Mdogo wangu aliacha shule akiwa darasa la tano. Miaka yote nilisimulia kwamba hakupenda masomo. Kweli ni kwamba baba aliugua, akahitajika mtu wa kupalilia mikorosho, na mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja chuoni. Jembe alilishika yeye. Kisigino changu kilikuwa katika kiganja chake.

Na ule uvivu niliomdhania? Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei ikawa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukayakausha maua. Dawa yake ilikuwa salfa, ile ile aliyoniomba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nilikuwa nimelipima kanda lake kwa macho tu.

Barua niliichana. Lakini nisidanganye. Siku hizi wapo wanaohubiri kwamba ukibadili mtazamo, matatizo huyeyuka. Nina shaka na neno hilo, hasa linapotamkwa na aliyeshiba kwa mwenye njaa. Mkorosho wenye ubwiriunga hauponi kwa kutazamwa vizuri, huponywa kwa salfa. Ada hazikupungua hata senti, na mshahara haukuongezeka. Kilichoyeyuka ni kinyongo tu. Hata hivyo, kilipoondoka, niligundua kwamba ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote vilivyobaki. Mtazamo uliyeyusha kile tu ambacho mtazamo ulikuwa umekitengeneza. Vingine uliviacha vimesimama, ila sasa niliweza kuvihesabu bila chuki.

Nilimpelekea mdogo wangu fedha nusu ya alizoomba, na nikamweleza kwa nini nusu. Alinijibu: "Kaka, nilidhani umenichoka." Msimu uliofuata aliniletea gunia la korosho, na hakusema ni malipo.

Kinyago sasa kiko juu ya meza katikati ya sebule. Wageni hulalamika kwamba kinazuia njia. Nawaambia wapite kwa kukizunguka.