Kwete, Divai na Uhaba wa Maneno

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kitu ambacho kwa kawaida hakihakikiwi katika kurasa hizi, yaani kinywaji. Sababu yetu ni ya darasani. Katika shule moja ya Arua tuliwapa wanafunzi insha yenye kichwa "Kinywaji cha Kwetu". Wengi waliandika juu ya kwete, na karibu wote waliishia mahali pamoja: kwete ni pombe, ni tamu, hunywewa katika sherehe. Tulikuwa tayari kukata alama, kisha tukasita. Je, sisi wenyewe tungeandika nini zaidi?

Swali hilo lilitufungisha safari, walimu watatu, kwa barabara itokayo Arua kwenda Koboko. Mmoja wetu ni Mwislamu mzaliwa wa pwani. Yeye hakuonja hata tone, lakini, kama itakavyoonekana, sehemu kubwa ya uhakiki huu ni yake.

Mama aliyetupokea hupika kwete nyumbani kwake. "Karibuni, walimu wangu," alisema, "lakini kwanza mtazame, ndipo mnywe." Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukaachwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha hukaangwa katika karai pana juu ya moto, ukigeuzwa bila kupumzika, mpaka uwe wa kahawia. Baadaye hutiwa maji pamoja na kimea cha ulezi, ukaumuka tena, na mwisho huchujwa. Kimea ndicho kiini cha kazi yote. Mahindi yana wanga, hayana sukari ya kutosha. Kimea huugeuza wanga kuwa sukari, na chachu huila sukari hiyo.

Alituletea vibuyu viwili, kimoja cha kwete ya jana na kingine cha kwete ya juzi. Ya jana ilikuwa nzito, yenye rangi ya udongo wa kichuguu. Utamu wa kimea ulitangulia, uchachu ukafuata. Tulipoonja ya juzi tulisema kwa pamoja, "Hii ni kali." Hapo mwenzetu wa pwani akatuhoji: "Kali vipi? Kama pilipili au kama ndimu? Inashika ulimi au inapita?" Ikatubidi kuonja tena, safari hii kwa makini. Kumbe haikuwa kali. Ilikuwa na ugwadu kama wa ukwaju, na mwishoni ukakasi mdogo, kama wa ndizi ambayo haijaiva. Na baada ya kumeza, harufu ya unga uliokaangwa ilibaki puani. Maneno hayo yote ni ya Kiswahili, na yote tulipewa na mtu asiyekunywa.

Linganisho letu linatoka mbali, lakini si geni kwa Arua. Wamisionari Wakatoliki waliofika West Nile katika mwongo wa pili wa karne ya 20 walikuwa wa shirika lililoanzishwa na Daniele Comboni mjini Verona, Italia, mwaka 1867. Karibu na Verona kuna vilima vya Valpolicella, na huko hutengenezwa divai nyekundu ya namna ya pekee iitwayo Recioto. Zabibu zikisha kuchumwa hazikamuliwi mara moja. Hutandazwa mahali penye hewa kwa muda wa miezi mitatu hivi, mpaka zinyauke na sukari yake ikolee. Uumukaji ukikoma mapema, divai hubaki tamu. Ukiendelea mpaka sukari iishe, hupatikana Amarone, jina litokanalo na neno la Kiitalia lenye maana ya uchungu. Watu wa Valpolicella, basi, wana jina kwa iliyobaki tamu na jina jingine kwa iliyopita utamu. Mama wa Koboko naye ana tofauti iyo hiyo: "Ya jana ni ya wageni, ya juzi ni ya wanaojua."

Hatusemi kwamba kwete haina dosari. Haikai, baada ya siku chache huharibika, kwa hiyo haiwezi kusafiri na kujipatia sifa ugenini kama Amarone. Tena si kila mpishi ni hodari. Nyingine tuliyoonja Arua ilikuwa chapwa kwa kuzidishiwa maji, na unga wake ulikuwa umeungua. Lakini kuweza kusema hivyo ndiyo maana ya uhakiki. Asiye na neno la kutofautisha hawezi kusifu wala kulaumu.

Hapa ndipo lawama inapoturudia walimu. Walugbara husema ewa, Wakakwa husema yawa. Sisi tumewaletea neno pombe, tukaona yatosha. Divai, neno lililotoka Kifaransa, limepata heshima ya altare. Pombe limebaki na aibu ya kilabuni. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Ikiwa kitafika Koboko kama lugha isiyoweza kueleza kitu kinachopikwa na mama wa mwanafunzi, mtoto atajifunza mojawapo ya mambo mawili: kwamba Kiswahili ni maskini, au kwamba kwao hakuna cha kuelezwa. Yote mawili ni uongo.

Huenda wasomaji wengine wakauliza kama tunasifia ulevi. La hasha. Madhara ya vileo Uganda yanajulikana. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko vya plastiki. Ulevi hautafuti ladha, na mwenzetu ametuonyesha kwamba ladha yaweza kuchunguzwa bila kunywa.

Tuliporudi darasani tulibadili insha. Wanafunzi walichagua uji, chai au maji ya kisima, au walieleza jinsi kwete inavyopikwa. Maneno "tamu", "kali" na "nzuri" yalikatazwa. Msichana mmoja aliandika kwamba unga ukianza kukauka karaini hulia kama mvua inayoanyesha juu ya majani makavu, na mama yake hujua kwa sauti hiyo wakati wa kuupunguza moto. Hatukukata alama hata moja.