Posa na Rungu: Vitisho dhidi ya Kiongozi wa Kike katika Kigogo

Tamthilia ya Kigogo (2016) ya Pauline Kea aghalabu husomwa kama hadithi ya ushindi: Tunu, msomi wa sheria, anawaongoza Wanasagamoyo dhidi ya Majoka, mtawala aliyelifunga soko la Chapakazi. Usomaji huo si potofu, ila unauharakia mwisho na kulipuuza suala la jinsi mamlaka yanavyompiga vita mwanamke kabla hayajashindwa.

Majoka haanzi kwa rungu. Anaanza kwa posa. Angependa Tunu aolewe na mwanawe, Ngao Junior. Posa hiyo ni kitisho kilichovishwa heshima, kwani inakusudia kumtoa Tunu katika uwanja wa siasa, aliko mpinzani, na kumtia nyumbani awe mkaza mwana wa mtawala. Anapoikataa, wahuni wanamvamia na kumuumiza mguu. Mfuatano huu una maana. Kwanza kiongozi hukumbushwa kwamba yeye ni mwanamke tu. Kipigo kikifuata, huonekana kuwa ni adabu.

Mantiki hii haikuzushwa jukwaani. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, baadhi ya wabunge waliiacha hoja yake na kulidhihaki kundi lake kuwa la wanawake walioachika. Rais Moi naye alimtaka awaheshimu wanaume na kunyamaza, kama mila ipasavyo. Mwezi Machi 1992, akiwa bustanini humo pamoja na akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe, alipigwa na polisi hadi akazirai. Kejeli ilitangulia, marungu yakafuata.

Hata hivyo, hoja nzito zaidi ya Kea imo katika Ashua, mhusika ambaye ni rahisi kumpita. Ashua ni mke wa Sudi, mchongaji anayekataa kumchongea Majoka kinyago. Anakwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada. Anatongozwa, kisha anatiwa ndani ili mumewe alegeze msimamo. Mwili wake unawekwa rehani katika ugomvi wa wanaume wawili. Anapodai talaka akiwa kizuizini, ni rahisi kumwona dhaifu akilinganishwa na Tunu. Lakini Tunu hana mume wala mtoto wa kushikiwa. Ujasiri wake haukupimwa kwa mizani aliyopimiwa Ashua.

Hapa ndipo penye upungufu wa tamthilia. Alamin Mazrui, katika Kilio cha Haki (1981), alimtwika Lanina mzigo mzito: anapambana na mwajiri, Delamon, na papo hapo na taasubi ya wanaume anaowapigania. Kifungo chake hakifutwi na shangwe za umati. Kea, kwa upande wake, amewagawia wanawake wawili mzigo ambao katika maisha hubebwa na mmoja. Tunu amepewa uongozi, Ashua akapewa gharama yake.

Kwa hiyo thamani ya Kigogo haimo katika umati unaomfuata Tunu mwishoni. Imo katika ile talaka inayodaiwa kizuizini, jeraha ambalo ushindi wa Sagamoyo haukuliponya.