Nyegere Asiyejua Woga

Sinema ya michoro The Lion King, iliyotoka Marekani mwaka 1994, tuliipenda hata sisi watu wazima, maana majina yake mengi tuliyafahamu bila mkalimani. Mwaka 2015 wakaongeza hadithi nyingine, The Lion Guard, na ndani yake mgeni mmoja: Bunga, nyegere. Huyu ananichosha. Anapiga makelele, anafanya mzaha pasipo mzaha, anaikimbilia kila hatari akilia “Zuka zama!”, nao wanamsifu kuwa ndiye shujaa kupita wote.

Wengine watasema: nyegere ndivyo alivyo. Kweli, ngozi yake ni ngumu, na hata nyuki hawamzuii kula asali. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kutoogopa lolote ni kilema, kinyume cha fadhila ya nguvu. Mvuvi wa hapa Bukama anamwogopa kiboko wa Lualaba, walakini alfajiri anapanda mtumbwi, kwa kuwa watoto wanangoja chakula. Bunga hana la kushinda moyoni mwake.

Afadhali Jasiri, yule fisi jike wa mwaka 2016. Alimsaidia mwana wa Simba mbele ya fisi wenzake, akijua vema watamfanyia nini. Lakini yeye huonekana mara chache tu. Bunga yupo karibu kila siku.