Simu ya Daraja la Kati Imekatwa Wapi?

Kati ya 2022 na 2024, chipu moja ya kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilienea kwenye simu za bei ya kati za karibu kila jina linalouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na mtaa wa Luthuli, Nairobi. Inaitwa Helio G99. Mwaka 2023 ilikuwa ndani ya Infinix Note 30 na Tecno Camon 20 Pro, zote za 4G. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikaingia kwenye Samsung Galaxy A15 ya 4G, na mwanzoni mwa 2024 Xiaomi wakaiweka, kwa jina la G99 Ultra, kwenye Redmi Note 13 Pro ya 4G. Simu nne, ubongo mmoja. Anayetaka kujifunza kuipima simu ya daraja la kati hapati darasa zuri kuliko hilo, kwa sababu ubongo ukishakuwa ule ule, tofauti zote zinazobaki ni maamuzi ya watengenezaji: wapi waongeze na wapi wakate.

Kukata ni lazima. Simu ghali hupewa karibu kila kitu. Ya bei ya chini kabisa hukatwa kila mahali, na mnunuzi analijua hilo tangu anatoa pesa mfukoni. Ya kati hukatwa kwa kuchagua, na mara nyingi namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ndiyo inayoficha mahali palipokatwa. Mjuzi wa simu hupatafuta mahali hapo, kisha hujiuliza kama mkato huo utamuuma mtu atakayeshinda na simu hiyo mkononi.

Tuanze na ubongo wenyewe. G99 ina viini vinane: viwili vyenye nguvu, vinavyokimbia kwa gigahezi 2.2, na sita vya kazi nyepesi. Imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6, hivyo haili sana chaji wala haichemki ovyo. WhatsApp, huduma za pesa, mitandao ya kijamii, mpira wa kwenye simu: yote hayo inayamudu bila jasho. Ila ina mipaka miwili ambayo hakuna mtengenezaji anayeweza kuivuka, hata aizungushie mapambo gani. Haina 5G, jambo ambalo limeanza kuwa na uzito tangu kampuni za simu za Tanzania na Kenya zilipoanza kuuza huduma hiyo mwaka 2022. Na haiwezi kurekodi video ya 4K. Kwa hiyo Redmi Note 13 Pro ya 4G, inayojitangaza kwa kamera ya megapikseli 200, haiwezi kutoa video ya kiwango ambacho simu nyingi zenye megapikseli 12 zilikuwa zikikitoa miaka kadhaa kabla yake. Mpiga video za harusi anayenunua kwa kusoma boksi peke yake atalijua hilo siku ya kazi.

Kamera ndiyo sehemu inayohitaji subira kuliko zote. Katika matumizi ya kawaida, megapikseli 200 hazitoi picha ya megapikseli 200. Sensa huunganisha pikseli 16 jirani zikawa moja ili zikusanye mwanga wa kutosha, na picha inayohifadhiwa inabaki na takriban megapikseli 12.5. Kamera ya megapikseli 50 ya Galaxy A15 huunganisha nne nne na kufikia hapo hapo, 12.5. Kinachozitenganisha hasa simu hizo, mbali na ukubwa wa sensa, ni jambo linalotajwa kwa herufi ndogo: lenzi ya Redmi husogea yenyewe kufidia mtikisiko wa mkono, ya A15 haisogei. Mchana wa jua tofauti hiyo haionekani. Jioni sebuleni, chini ya taa moja, kamera hulazimika kupokea mwanga kwa muda mrefu zaidi, na hakuna mkono usiotikisika. Hapo ndipo nyuso za watoto zinapotoka na ukungu kwenye simu moja na kubaki safi kwenye nyingine.

Jaribio la dukani halihitaji vifaa. Mtu mwenye ngozi nyeusi asimame mlangoni, mwanga wa barabarani ukiwa nyuma yake, akiwa amevaa kanzu au shati jeupe. Kamera dhaifu itachagua upande mmoja: ama uso uwe giza tupu, ama kanzu iungue hadi mishono isionekane. Kamera nzuri huhifadhi vyote viwili. Transsion, kampuni ya Shenzhen inayomiliki Tecno, Infinix na itel, ilijijengea jina Afrika kwa sehemu kubwa kwa kulishughulikia tatizo hili mapema, wakati wengine walikuwa bado wanapima kamera zao kwa nyuso za kwingine. Hata hivyo, kabla ya kupiga picha ya majaribio, sehemu ya urembo izimwe. Simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kichujio kinachong'arisha ngozi na kufuta makunyanzi, na picha inayopendeza dukani kumbe imempa mtu uso ambao si wake. Hilo ni kosa la kamera, lisihesabiwe kuwa sifa, na mnunuzi ana haki ya kulikataa.

Ile kamera ya megapikseli 2 ya kupiga vitu vya karibu, iliyopo kwenye A15 na kwenye Redmi pia, haistahili hata kujaribiwa. Imewekwa ili mgongo wa simu uonekane na macho matatu.

Baada ya kamera, namba inayopotosha zaidi ni ya RAM. Boksi likiandika GB 16 kwa simu ya bei hii, mara nyingi maana yake ni GB 8 za kweli na GB 8 za kukopa kutoka kwenye hifadhi ya picha na programu. Hifadhi hiyo ina mwendo wa chini mno kuliko RAM halisi. Mkopo huo unaweza kuisaidia simu isifunge programu zilizo nyuma, lakini hauigeuzi kuwa simu ya GB 16. Mjuzi huhesabu ile ya kwanza tu. Galaxy A15 imeuzwa ikiwa na GB 4, 6 au 8, boksi zikifanana, na mwenye kuchukua ya GB 4 amenunua simu tofauti na jirani yake: akitoka kwenye ramani kujibu ujumbe, akirudi ataikuta ramani inaanza upya.

Hifadhi nayo ina aina zake, na wauzaji wengi hawaitaji kabisa. Ya zamani huitwa eMMC, ambayo kwa wakati mmoja ama inasoma ama inaandika. Mpya zaidi ni UFS, inayofanya yote mawili kwa pamoja na kwa mwendo zaidi ya maradufu. Simu mbili zenye GB 128 zinaweza kuwa sawa siku ya kwanza, kisha mwaka mmoja baadaye, picha na video za magrupu zikiwa zimejaa, moja ikawa inaganda kila programu zinapojisasisha. Muuzaji akiulizwa swali hili asipojua jibu, karatasi ya sifa za simu kwenye tovuti ya mtengenezaji italisema.

Kwenye kioo, boksi hupenda kutaja hezi 120. Ni kweli kwamba kioo kinachojichora upya mara 120 kwa sekunde hufanya kurasa ziteleze vizuri, lakini macho mengi huzoea hezi 90 za A15 bila malalamiko. Jua ndilo hakimu mkali. Dereva wa bodaboda anayesoma ramani saa saba mchana anahitaji mwangaza, unaopimwa kwa niti: A15 hufika 800, Redmi hufika 1,300 kwa kilele. Simu itolewe nje ya duka, mwangaza upandishwe mpaka mwisho, isomwe ujumbe. Halafu irudishwe ndani, ifunguliwe picha nyeusi tupu. Kioo cha AMOLED, kama cha Samsung na Redmi, huzima kabisa nukta zake na kuwa giza. Cha LCD, kama cha Infinix Note 30, hubaki na ukijivu wa taa iliyo nyuma yake.

Betri haina mengi ya kubishana. Zote nne zina mAh 5,000. Tofauti iko kwenye kujaza: wati 25 kwa A15, ambayo katika masoko mengi huuzwa bila chaja, 33 kwa Camon, 45 kwa Infinix, 67 kwa Redmi. Kasi ni nzuri panapokatika umeme mara kwa mara, lakini joto ndilo adui mkubwa wa betri ya lithiamu, na miji ya pwani ina joto la kutosha hata kabla ya chaja kuchomekwa. Hapa Infinix waliongeza kitu cha busara kisichosifiwa vya kutosha: simu inaweza kutumia umeme wa chaja moja kwa moja bila kuupitisha kwenye betri, jambo linalowafaa wanaocheza gemu simu ikiwa kwenye waya.

Sehemu ambayo wanunuzi huiruka, na ambayo Samsung imewazidi wenzake kwa mbali, ni masasisho. A15 iliahidiwa matoleo manne mapya ya Android na miaka mitano ya marekebisho ya usalama. A16 iliyoifuata mwaka 2024 ikaahidiwa matoleo sita. Washindani wengi wa bei hiyo huahidi machache kuliko hayo. Simu yenye akaunti ya benki na pesa za biashara ndani yake haifai kuachwa na matundu ya usalama yasiyozibwa. Programu nazo huzikimbia simu za zamani: tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi tena kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5.

Vipo vidogo vya kupima kwa dakika chache. Ujumbe wa sauti usikilizwe simu ikiwa sikioni, kwa sababu baadhi ya simu za daraja hili hazina kihisi halisi cha ukaribu, hukisia kwa programu, na shavu huishia kubonyeza vitu. Ramani ifunguliwe na simu izungushwe kuona kama mshale unageuka nayo. Kisha ibonyezwe *#06# na namba ya IMEI ilinganishwe na ya boksi; Tanzania namba hiyo hutumwa kwenda 15090, na jina la simu linalorudi lifanane na lililoandikwa mgongoni. Hadhari hii si ya bure: Kenya ilizima simu feki mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016.

Kwa hiyo, kati ya nne hizo, anayepiga picha nyingi za ndani na za jioni achukue Redmi, mradi hategemei video. Anayetaka simu ya miaka mingi kwa mzazi au kwa duka achukue A15 ya GB 6 au 8. Kijana wa gemu ana sababu nzuri ya kuchagua Infinix.

Kabla ya kulipa, mnunuzi apite kwa fundi simu wa mtaani kwake na kuuliza bei ya kioo cha modeli anayoitaka. Cha AMOLED halisi ni ghali kuliko cha LCD, na mafundi wengi watampa chaguo la kioo cha bei nafuu kisicho AMOLED. Kwa A15 mbadala huo unavumilika, kwa kuwa kisoma alama ya kidole kiko ubavuni. Kwa Redmi kiko chini ya kioo na kinategemea mwanga wa kioo hicho hicho kuisoma alama, kwa hiyo akikubali mbadala wa LCD ajue kwamba kuanzia siku hiyo atafungua simu yake kwa namba ya siri.