Panya wakianza kuumana kizimbani, kagua mlango kabla ya kumhukumu panya

Hadithi hii umeshakutana nayo, kama si YouTube basi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mwanasayansi wa Marekani aliwajengea panya makazi ya raha: chakula tele, maji tele, hakuna paka wala bundi. Wakazaana, wakabanana, wakaanza kuumana, mama wakatelekeza watoto, mwisho wakafa wote. Halafu inakuja ile sauti nzito: binadamu nasi ndiko tunakoelekea.

Mimi nina ugomvi na hadithi hii, na ugomvi wenyewe si wa darasani tu. Mtu akishaiamini, siku panya wake wawili waliolala pamoja miezi mitano wanaanza kutoana damu, jibu analo tayari mfukoni: wamezidi, au mmoja wao ni mkorofi wa kuzaliwa. Anamtupa mmoja, anabaki na mwingine, na sababu halisi ya ugomvi inabaki palepale kizimbani ikimsubiri panya wa tatu. Hoja hiyohiyo ndiyo tunayowavalisha watu. Wanafunzi wakipigana bwenini tunasema ni wengi mno. Mwaka 2022 makundi ya Panya Road yalipoitikisa Dar es Salaam, jina lenyewe lilikuwa limeshatuandalia nusu ya maelezo.

Basi tuanze na kilichofanyika kweli. Jaribio linalosimuliwa zaidi, Universe 25, halikuwa la panya wakubwa. John B. Calhoun alilianza mwaka 1968 kwa jozi 4 za vile vipanya vidogo vya nyumbani, wakafika kama 2,200, kisha wakapungua hadi kwisha. Kwa Kiswahili wote tunawaita panya, ndiyo maana msimuliaji akichanganya hatumshtukii. Ila ni wanyama wawili tofauti, na ukiwafuga wote wawili kwa kanuni moja utajuta.

Jaribio la panya wakubwa ndilo lililompa Calhoun umaarufu. Lilichapishwa kwenye Scientific American mwaka 1962, na nakushauri ulisome mwenyewe, maana mambo muhimu kuliko yote ni yale ambayo wasimulizi huyaruka. Chumba kiligawanywa sehemu 4 kwa kuta zenye umeme, na panya walivuka kwa vidaraja. Sasa angalia ramani. Sehemu ya kwanza iliunganishwa na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya nne. Ya nne haikuunganishwa na ya kwanza. Maana yake, sehemu za pembeni zilikuwa na njia moja tu ya kuingilia, na za katikati zilikuwa na njia mbili.

Unaona kitakachotokea? Dume mmoja mwenye nguvu anakaa mlangoni mwa sehemu ya pembeni, analala palepale chini ya kidaraja, na hakuna dume mwingine anayepita bila ruhusa yake. Majike yaliyoishi humo ndani yalijenga viota vizuri na kulea. Waliofukuzwa wote walirundikana katikati, na huko ndiko yalikotokea yale ya kutisha: vifo vya watoto vilifika hadi asilimia 96 katika makundi yaliyovurugika zaidi. Paa ni moja, chakula ni kilekile, panya ni wa asili ileile. Kilichowatenganisha waliolea na waliotelekeza ni mlango.

Kuna na chakula. Mwanzoni Calhoun aliwapa vidonge vigumu nyuma ya wavu, chakula cha kuguguna kwa muda mrefu. Panya akienda kula anamkuta mwenzake bado yupo, basi wakazoea kula kwa mkusanyiko, hadi wakawa hawali kama hakuna mwingine pembeni. Alipobadilisha akawapa chakula cha unga kinacholika haraka, ule mrundikano wa kupindukia haukujijenga vile. Hilo ni badiliko la chombo cha kulia tu! Mtu aliyeiandika ripoti hiyo kwa mkono wake alikuwa na ushahidi wa kutosha kusema "nilijenga nyumba mbaya". Akapendelea kusema kuhusu wingi, na dunia ikampigia makofi. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Jonathan Freedman aliwaweka watu wengi kwenye vyumba vidogo kwa saa kadhaa akitarajia waharibikiwe. Hawakuharibikiwa kwa jumla.

Hata hivyo tusimnyime Calhoun haki yake. Alikuwa mtazamaji hodari, mwenye subira ambayo wengi wetu wa leo hatuna. Kasoro yake iko kwenye hitimisho.

Ushahidi mwingine tunao hapahapa nyumbani. Ukitoka Masasi kupitia Chiungutwa kuelekea Newala, panya wa kufugwa kwa mapenzi si jambo la kila nyumba. Anayejulikana huko ni kitoweo, samaki nchanga, anayetegwa mashambani na kukaushwa. Miongoni mwa panya wa mashamba ya Tanzania, mashuhuri kwa wakulima na watafiti ni panya shamba, Mastomys natalensis, anayelipuka miaka mingine hadi kufukua mbegu za mahindi kabla hazijaota. Kama wingi ndio unaozaa vita, huyu angekuwa ameshamalizana zamani. Lakini utafiti wa miaka mingi uliofanywa Morogoro, kwa kuwakamata, kuwawekea alama na kuwaachia, ulionyesha kwamba maeneo yao ya kutembea yanaingiliana mno, na hakuna dalili kwamba wanagawana mipaka hata wanapokuwa wengi. Shambani kila panya ana njia kumi za kutokea. Wachukue haohao uwatie watano kwenye ndoo yenye kifuniko, asubuhi utakuta masikio yamechanika. Kilichobadilika usiku mmoja si tabia ya kuzaliwa.

Sasa turudi kwa wawili wako, wale panya weupe au wa madoa ulionunua mjini.

Kwanza hakikisha ni ugomvi kweli. Panya wachanga wanacheza mieleka kila siku, na mchezo wao una shabaha yake: wanagombania kugusana kisogo kwa pua. Panya anayekusudia kuumiza hulenga mgongo wa chini na matako. Nywele zinasimama, anatembea kiupandeupande kama kaa, anapuliza pumzi kwa nguvu. Robert na Caroline Blanchard, waliofanya kazi Hawaii, waliandika mengi kuhusu hili, na kuna jambo moja kwao ambalo wafugaji wengi hulikosa. Anayeshambulia huuma nyuma, anayejitetea huuma usoni. Kwa hiyo ukimkuta mmoja ana jeraha puani na mwingine ana majeraha mgongoni, usimhurumie haraka wa puani. Yaelekea huyo ndiye aliyeanza.

Pili, uliza nini kimebadilika. "Ghafla" ni neno letu sisi tunaochungulia mara mbili kwa siku, panya mwenyewe alishaona kitu. Madume hukomaa kizazi mapema sana, katika wiki ya 6 hivi, lakini ukali wa homoni mara nyingi hujitokeza baadaye, miezi 5 au 6, ndipo ndugu wa tumbo moja wanapoanza kutazamana vibaya. Au mmoja uliyeambiwa dume kumbe jike na ana mimba, na jike mwenye watoto hapatani na mtu. Au anaumwa. Hili la maumivu halipewi uzito wake. Mwaka uleule wa 1962, Ulrich na Azrin waliweka panya wawili kwenye sakafu yenye umeme. Kila walipopigwa shoti walisimama na kurushiana meno, na hapo awali hawakuwa na ugomvi wowote. Jino lililokua likachoma ufizi, jipu, uvimbe, vyote vinaweza kumfanya panya mpole amrukie aliye karibu. Kabla hujamwita mkorofi, mshike umkague mdomo na tumbo. Baada ya kutulia, lakini.

Tatu, na hapa ndipo somo la mlango linapofanya kazi, ingia kizimbani kwa macho. Kijisanduku cha kulalia kina tundu moja? Toboa la pili upande wa nyuma. Chakula kiko bakuli moja kwenye kona? Kitawanye, na maji yawe sehemu mbili, mbali mbali, ili mmoja asiweze kuvilinda vyote kwa wakati mmoja. Weka kitu cha kukata macho katikati, hata kipande cha boksi. Hakuna gharama hapo.

Kuna kosa jingine linalofanywa na watu wasafi. Umeona damu, unaogopa, unatoa maranda yote, unaosha kizimba kwa sabuni ya harufu, unawarudisha. Umewafutia nyumba. Kwa vipanya vya maabara imepimwa: ukihamisha matandiko ya kiota kwenye kizimba safi, ugomvi unapungua, ila ukihamisha maranda yaliyolowa mkojo, ugomvi unazidi. Kwa hiyo bakiza nyasi za kiota, tupa zilizoloa.

Wakiwa wameshikana, usiingize mkono. Narudia, usiingize mkono, hata kama ndiye yule anayekulalia begani. Tupia taulo, au pitisha kipande cha boksi katikati. Ukiumwa osha kwa sabuni na maji ya kutosha, uende zahanati, useme waziwazi kwamba ni panya, maana kuna homa inayotokana na kuumwa na panya na mganga asiyeambiwa atawaza malaria. Na kwa yule anayemtoa panya mtegoni ili amfuge: Julai 2022 homa ya mgunda iliua watu 3 Ruangwa, jirani kabisa na Masasi. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Panya wa porini si wa kuchanganywa na wa nyumbani.

Kama kuna damu, tenganisha. Ule ushauri wa "waache wamalizane, watapata mkubwa wao" umetoka kwenye hadithi ileile ya kudhani vita ni tabia, na vitaisha vyenyewe. Shambani anayeshindwa anakimbia, mambo yanaishia hapo. Kizimbani anakimbilia wapi? Hawezi kuonyesha kwamba ameshindwa, kwa hiyo anaendelea kupigwa. Wape siku kadhaa kila mmoja kwake, wabadilishane nguo au nyasi za kulalia, kisha wakutane mahali ambapo si kwa yeyote, ndani ya beseni kubwa au kitandani kwako, dakika chache chache. Wengine hurudiana. Wengine hawarudiani kabisa, na vizimba viwili si kushindwa kwako.

Haya yote ni ya panya mweupe na ndugu zake. Panya buku, yule mwenye mifuko mashavuni ambaye APOPO na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wanamfundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, si wa jamii hiyo ingawa anafanana nayo. Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu ya PDSA mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alikuwa wa ukoo huu. Akishakuwa mkubwa, panya buku porini hukaa shimoni mwake peke yake. Ukiwapata madume wawili wazima, usianze kufikiria milango wala bakuli. Tengeneza vizimba viwili tangu siku ya kwanza, vya mabati au waya mnene, maana mbao atazitafuna kabla hujaamka.