Nguo Bora Hufumulika: Mwongozo wa Kuchagua Nguo za Chuo katika Mtumba wa Kyela

Belo likishakatwa kamba katika soko la Kyela, wanunuzi huinama kwa pamoja, na mikono yenye haraka zaidi ni ile inayofukuzia rangi kali na lebo kubwa. Mimi nimejifunza kuiacha mikono hiyo itangulie. Shati ninalolitafuta mara nyingi hubaki chini kabisa. Limekunjamana, bluu yake imepauka, na watu wamelipita kwa sababu linaonekana zee. Nikiligeuza nje ndani na kukuta mishono yote imetulia, najua nimepata kitu.

Shati hilo ni la oksfodi, lenye kola ya kufungwa kwa vifungo viwili vidogo. Ni nguo mama ya mtindo uliokulia kwenye vyuo vikuu vikongwe vya kaskazini-mashariki mwa Marekani: Yale, Harvard, Princeton na wenzao. Wamarekani huuita Ivy. Baadaye wakauita preppy, kwa jina la shule za maandalizi zinazowaingiza vijana kwenye vyuo hivyo. Huku kwetu haukuja na jina lolote. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, marobota yalianza kumiminika nchini, na nguo hizo zikafika zikiwa zimechanganyika na nyingine zote. Wazee waliziita kafa Ulaya, na ndugu zetu wa ng'ambo ya Mto Songwe, kule Karonga, huziita kaunjika. Leo belo hupanda kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kisha hushuka kwa njia ya Uyole na Tukuyu mpaka kwetu.

Kipimo changu ni kimoja, na mengine yote katika mwongozo huu yanatokana nacho: nguo bora hufumulika. Fundi anaweza kuifumua, akaigeuza, akaishona tena, nayo ikarudi kazini. Nguo mbovu ikifumuliwa imekufa.

Ilikotoka

Kipimo hicho kina sababu. Karibu kila nguo ya mtindo huu ilianza kazini, jeshini au uwanjani kabla haijaingia darasani. Kola ya vifungo ilitoka kwa Waingereza waliocheza polo, ambao waliishikiza kola kwa vifungo isiwapige usoni farasi akikimbia. Brooks Brothers, duka la New York lililoanzishwa mwaka 1818, likaiiga mwishoni mwa karne ya 19. Fulana ya kola tunayoiita fomu siksi kwa mazoea ilianza kuuzwa mwaka 1933 na mcheza tenisi Mfaransa, René Lacoste, aliyechoshwa na mashati ya mikono mirefu uwanjani. Suruali ya kaki iliingia vyuoni na askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, wakasomeshwa kwa sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia masomo. Kaki walivaa pia askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Tanganyika na Nyasaland.

Wala mtindo huu haukuwa wa watoto wa matajiri weupe peke yao. Vijana wanne weusi walioketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, Marekani, tarehe 1 Februari 1960, wakidai kuhudumiwa kama watu wengine, walikuwa wanafunzi wa chuo waliovaa nadhifu, na unadhifu wao ulikuwa sehemu ya hoja yao. Miezi michache kabla ya hapo, Septemba 1959, ndege iliyoandaliwa na Tom Mboya na wenzake iliwapeleka Marekani vijana 81 wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya. Walifika vyuoni wakati mtindo huu umeshika kasi kuliko wakati wowote. Kwa hiyo kijana wa Ipinda akivaa oksfodi na kaki kwenda kanisani, asidhani ameazima nguo ya wenyewe.

Kitambaa

Shika shati, ulisogeze karibu na jicho. Oksfodi halisi ina umbo la mkeka mdogo: nyuzi mbili nyembamba za mtande hutembea pamoja, na uzi mmoja mnene wa mshindio huzikatiza. Kwenye oksfodi ya bluu, mtande ndio uliotiwa rangi, mshindio ni mweupe. Ndiyo maana bluu yake haiwi ya kupakwa. Ni bluu yenye chembe nyeupe ndani, na kila ikifuliwa weupe unazidi kujitokeza. Tafuta mahali palipochakaa, labda ukingoni mwa kola. Ukiona nyuzi nyeupe zinachungulia katikati ya za bluu, umeshika chenyewe. Ukiona bluu tupu hadi kwenye kiini, huenda kitambaa kilitiwa rangi baada ya kufumwa, au ni kingine kabisa.

Kisha jua kama ni pamba tupu. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, baada ya kumwomba muuzaji ruhusa, uuwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Ukiona uzi umejikunja ukawa kitone kigumu cheusi, kuna poliesta. Nguo ya poliesta kwetu ni mateso. Katika joto la ufukweni mwa Ziwa Nyasa haipitishi hewa, na chini ya pasi ya mkaa huanza kung'aa kama imepakwa mafuta. Oksfodi ya pamba ni nzito kidogo, lakini ule mkeka wake una matundu, na upepo wa ziwa unapita.

Kola

Hapa ndipo wajuzi hugombania. Kola nzuri ya mtindo huu haikai bapa kifuani. Inatoka shingoni, inavimba kidogo, kisha inashuka na kuingia kwenye vifungo vyake kwa mkunjo mwororo. Mkunjo huo unahitaji mambo mawili. La kwanza ni urefu: pima kutoka shingoni hadi nchani, upate zaidi ya sentimita 8. Kola fupi haina cha kukunja. La pili ni ulaini wa ndani. Kola nyingi za zamani zilizosifika hazikuwekwa kitambaa kigumu ndani, na zilizowekwa kilishonwa, hakikugandishwa kwa gundi.

Jaribu hivi. Ishike kola kwa vidole viwili, kimoja juu na kingine chini, halafu uvisugue kinyume. Tabaka mbili zikiteleza kila moja kivyake, kola imeshonwa. Zikienda pamoja kama kadibodi, imegandishwa, na mvua za Aprili na pasi ya moto zikikutana nayo itatoa malengelenge. Nilijifunza hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua, katika mji mkubwa kuliko wetu, shati lenye nembo maarufu kifuani, kwa bei ya mashati manne. Baada ya kulifua mara mbili kola ilivimba vipele visivyonyooka. Nembo ilikuwa imeshonwa juu ya shati la mtengenezaji mwingine. Mimi nilikuwa nimetazama nembo tu, kola sikuigusa.

Mshono na vifungo

Geuza shati nje ndani. Kwenye ubavu na kwapani, mshono bora umekunjwa mara mbili ukafungiwa ndani, hauachi nyuzi zinazoning'inia. Mshono uliopitishwa kwenye ovaloki peke yake ni wa haraka, nao ndio unaoachia kwanza. Halafu hesabu. Weka ukucha wa dole gumba juu ya mshono wa kola na uhesabu tundu za sindano zilizo chini ya upana wake. Ukipata 10 au zaidi, fundi hakukimbilia posho. Ukipata 6, aliharakishwa.

Kama shati lina mistari, tazama mfuko wa kifuani. Mistari ya mfuko ikiangukia juu ya mistari ya shati kana kwamba mfuko haupo, kuna mtu alikaa akapanga kabla ya kukata. Kitambaa hupotea kwa kazi hiyo, na kiwanda kinachobana matumizi hakiifanyi.

Vifungo vya chaza utavijua kwa mdomo. Gusisha kifungo kwenye mdomo wa juu: cha chaza ni baridi, cha plastiki hakina ubaridi. Mgongoni, chini ya kipande cha mabegani, unaweza kukuta kitanzi kidogo cha kitambaa. Kampuni ya Gant, iliyoanzia New Haven mwaka 1949, ndiyo iliyokipa umaarufu, ili wanafunzi watundike shati kwenye kabati la mazoezi bila kulikunja. Ni alama nzuri, lakini kitanzi ni rahisi kuigwa, kwa hiyo kisikushawishi peke yake.

Lebo isomwe kama kalenda

Lebo usiidharau, ila isome kwa ajili ya miaka, siyo kwa ajili ya sifa. Tangu 1972 sheria ya Marekani inadai nguo iwe na maelekezo ya kufua yasiyotoka. Shati la huko lisilo na maelekezo hayo, kama hayakukatwa, laweza kuwa la kabla ya hapo. Maelekezo ya alama tupu bila maneno yaliruhusiwa mwaka 1997. Ndani ya mfuko wa koti unaweza kukuta kilebo cha chama cha wafanyakazi wa nguo. Hicho ni cha kushikilia, maana kinakwambia koti lilishonwa na watu waliokuwa na sauti kuhusu ujira wao. Na shati la Brooks Brothers lililoandikwa limetengenezwa Marekani, kama lilishonwa Garland, North Carolina, si jipya: kiwanda chao cha huko kilifungwa mwaka 2020.

Koti, kaki na moka

Koti la mtindo huu halina mabega ya kupandishwa wala kiuno cha kubanwa. Linaanguka kutoka begani kama lilivyo bega lako. Bana kitambaa cha kifuani chini kidogo ya kola, ukivute nje na ndani. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati, ndani kuna kanvasi iliyoshonwa. Usipohisi kitu, limegandishwa. Kwa hali ya hewa yetu chagua lenye bitana nusu, mgongo ukiwa wazi. La bitana nzima uliweke kwa safari za Tukuyu kwenye baridi.

Kwenye kaki, fungua kiuno kwa nyuma. Fundi mwema huacha akiba ya kitambaa, upana wa vidole viwili hivi, ili suruali ipanuliwe mwenyewe akinenepa.

Moka zilianza kupendwa vyuoni baada ya G.H. Bass kutoa zake mwaka 1936, kwa mfano wa viatu vya Norwe. Moka ya kweli ina ngozi moja inayopita chini ya unyayo na kupanda pande zote mbili, kisha kipande cha juu kikashonewa hapo kwa mikunjo. Ingiza mkono ndani. Ukikuta mikunjo ile ni ya kupambia juu tu, hivyo ni viatu vilivyovalishwa sura ya moka. Soli iliyoshonwa hubadilishwa, soli iliyobandikwa hubanduka.

Kasoro za kusamehe na za kukataa

Samehe kifungo kilichopotea, mshono uliofumuka mahali pamoja, rangi iliyopauka kwa usawa, na kola iliyolika kwenye mkunjo. Rangi haidhuru, na hizo nyingine ni kazi ya nusu saa kwa fundi cherehani.

Kataa njano ya jasho kwapani iliyokwisha kukausha kitambaa, maana patararuka. Kataa ukungu. Sisi tunaoishi kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone tunaujua: vidoa vyeusi vidogo vilivyotawanyika kama pilipili manga, na harufu ya ghala lililofungiwa. Ukungu ukishakula uzi, sabuni haiurudishi. Inua shati juu dhidi ya mwanga kabla ya kulipa. Mahali palipokonda huonekana mara moja, hasa kwenye viwiko.

Masika yaliyopita niliokota oksfodi moja ya bluu iliyopauka, kola imelika mpaka nyuzi nyeupe zinaning'inia. Mama muuzaji alinionea huruma. "Mwalimu, hilo acha, nikutafutie zuri." Nikamwambia hilo ndilo zuri. Tukaenda naye kwa fundi aliye barazani hapo jirani, naye akafumua kola taratibu kwa wembe. Haikuwa na gundi, ikatoka nzima. Akaigeuza juu chini, na tundu za vifungo, kwa kuwa zimepita pande zote mbili, zikaangukia palepale pa mwanzo. Akairudishia.

Upande uliokuwa umefichika chini miaka yote ulikuwa bado bluu iliyokolea, kama siku ulipokatwa. Mama akaushika, akaulinganisha na mgongo wa shati uliopauka, kisha akaanza kuyageuza nje ndani mashati mengine aliyokuwa ameyabeba begani, moja baada ya jingine, akitazama kola.

"Ndaga fijo, tata," akanishukuru kwa Kinyakyusa, bila kuinua macho.