Kiwambo Hakipunguzi Kasi: Kirada Hiki Kimenionyesha kwa Macho

Jamani, namba zimepanda! Nimefyatua bunduki fupi ya .300 Blackout, mtutu wa inchi 9, kwanza bila kiwambo cha sauti na kisha nacho, na kirada cha Garmin, yaani rada ndogo ya kupimia kasi ya risasi, kilichokuwa mezani pembeni yangu kimetoa wastani wa pili ulio juu ya ule wa kwanza. Juu kabisa! Wangapi tumekua na riwaya za kijasusi tukiamini kwamba ukifunga kiwambo mdomoni mwa mtutu, risasi inapoteza nguvu? Haipotezi. Inaongezewa.

Niseme kwanza kuhusu hiki kirada, maana bila hicho nisingeona kitu. Kinaitwa Xero C1 Pro, Garmin walikitoa mwishoni mwa 2023 kwa dola 600 za Marekani, na kinaenea kiganjani. Unakiweka pembeni ya bunduki, nyuma kidogo ya mdomo wa mtutu, unakielekeza kwenye shabaha, basi. Hakuna nyaya, hakuna kufunga kitu kwenye mtutu. Ukifyatua tu, kasi inatokea kwenye kioo kabla hujainua kichwa, na chini yake wastani, pamoja na tofauti kati ya risasi ya kasi zaidi na ya polepole zaidi. Nimebaki nakitazama kama mtoto aliyeletewa zawadi.

Wenzangu mliowahi kuhangaika na vipimo vya zamani mnajua kwa nini nafurahi hivi. Vile vya macho husimamishwa mbele ya mtutu, na upepo wa mlipuko huvivuruga. Vile vya kufunga kwenye mtutu huongeza uzito palepale ambapo kiwambo nacho kinataka nafasi. Kulikuwa na rada iliyosikiliza mshindo ndipo ianze kupima. Sasa ukiizimia mshindo kwa kiwambo, itasikia nini? Hiki cha Garmin kinaifuata risasi yenyewe angani, sauti ya bunduki iwe kubwa au ndogo.

Sasa hiyo kasi inatoka wapi? Risasi inapochomoka mdomoni mwa mtutu, gesi ya baruti iliyo nyuma yake bado ina shinikizo kubwa, na inatoka kwa kasi kuishinda risasi yenyewe. Bila kiwambo hutawanyika hewani papo hapo, na huo ndio mshindo unaopasua masikio. Kiwambo huibana. Tundu lake ni pana kuliko risasi, kwa hiyo risasi haigusi kitu, lakini kwa urefu wa sentimita 15 au 20 zaidi gesi inaendelea kuisukuma mgongoni. Ongezeko lenyewe ni dogo: mara nyingi mita chache kwa sekunde, zikizidi sana kama kumi, na zipo bunduki zisizoonyesha tofauti ya maana.

Mtutu mfupi ndio unaonogesha mambo. Chukua risasi za 5.56. M16 yenye mtutu wa inchi 20 huirusha risasi ya M855 kwa karibu mita 945 kwa sekunde. Mk18, bunduki fupi ya risasi hizohizo yenye mtutu wa inchi 10.3, huishia kwenye 800 hivi. Baruti imekosa nafasi ya kumaliza kazi, kwa hiyo gesi inafika mdomoni ikiwa bado na hasira, na kiwambo kinapata shinikizo kubwa zaidi la kufanyia kazi. Kwa .300 Blackout, iliyosanifiwa ili baruti yake iungue vizuri ndani ya mtutu mfupi, kinachobaki mdomoni ni kidogo. Ndiyo maana ongezeko langu lilikuwa la kuhesabika, si la kushangilia barabarani. Lakini lilikuwapo!

Na linaweza kuleta tofauti. Risasi nzito ya kimyakimya ya .300 hutengenezwa iende kwa karibu mita 308 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti, ambao ni mita 343 hewa ikiwa na nyuzijoto 20 na hushuka hadi 331 kwenye sifuri. Aliyejaza risasi zake mwenyewe karibu na mpaka huo, akazipima bila kiwambo, anaweza kuzivusha mpaka huo siku ya baridi kiwambo kikiwa kimefungwa, na kusikia ule mlio mkali wa risasi inayoshinda mwendo wa sauti aliokuwa akiukwepa. Pima na kiwambo kikiwa kimefungwa, kama utakavyopigia.

Pima kwa uaminifu pia. Risasi za boksi moja hutofautiana zenyewe kwa zenyewe kwa mita kadhaa, kwa hiyo risasi mbili tatu hazithibitishi lolote. Piga kundi bila kiwambo, kundi nacho, urudie kwa zamu, maana mtutu uliopata moto nao hubadilisha namba.

Kuna bei ya kulipa. Gesi iliyobanwa hurudi nyuma, bolti inakimbia zaidi, na moshi unakujia usoni; nimelia machozi ya kweli. Jeshi la Marekani lilipoichagua bunduki ya SIG Sauer mwaka 2022, ile ya mtutu wa inchi 13 iitwayo M7, bunduki hiyo ilikuja pamoja na kiwambo kilichoundwa kupunguza gesi hiyo ya kurudi. Kingine: chuma kinapata moto wa kubabua, usikishike. Na vaa kinga ya masikio, kwani kiwambo hupunguza desibeli 20 hadi 35 tu.

Kwa mlioko Marekani, ile kodi ya dola 200 iliyowekwa mwaka 1934 imeshushwa hadi sifuri kwa viwambo na bunduki fupi tangu Januari 1, 2026, ila kuomba kibali na kusajili kuko palepale, na sheria za jimbo lako zisome kwanza. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, usinunue kiwambo kwa ajili ya kasi. Nunua kirada.